Nahodha wa Chiriku

Siku ya tisa ya majaribio, Mzee Bakari alimwambia bintiye kwamba tangu asubuhi amevusha abiria arobaini na mmoja, na chombo chenyewe kilikuwa na kiti kimoja.

Lamis aliacha kuandika. Fomu ilikuwa mapajani mwake. Kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imetengeneza mchezo wa kompyuta wa safari za angani, wote kwa Kiswahili, ikampa kazi ya kuandika tathmini ya Chiriku, chombo kidogo cha upelelezi anachopewa kila anayeanza. Walitaka maoni ya mtu ambaye hajawahi kucheza maishani mwake. Lamis mwenyewe hakujua hata pa kubonyeza, lakini hapo nyumbani kwao Bofu alikuwa na baba aliyeendesha feri ya Likoni miaka thelathini na moja, na ambaye tangu astaafu alikuwa akizunguka ukumbini kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mzee alikikagua Chiriku kwa ukali uleule aliokuwa akiikagulia feri. Usukani, alisema, unasikia neno. Breki hazina haya: ukizikanyaga leo zinajibu kesho. Dirisha ni kama la choo. Silaha hakuna, na hilo alilisifu, kwa kuwa nahodha hana ugomvi na mtu. Lamis aliandika yote huku akicheka.

Kisha likafika swali la sita: chombo kimegundua nyota ngapi mpya?

"Hata moja," alisema Mzee. "Nina watu wa kuvusha."

Akaeleza kwa utulivu. Kati ya Kituo cha Kwanza na cha Pili kuna mkondo wa mawe yanayoelea, na wageni wanavunja vyombo vyao humo. Mawe hayo, alisema, ni kama maji tu. Hayashindwi kwa nguvu, yanafuatwa. Basi yeye anawapakia watu kwenye chumba cha mizigo, wanasimama wameshika chuma, anawavusha, anarudi. Kuna Bi Nyamvula wa Kilifi, mcheshi sana lakini hapendi kupanga foleni. Kuna mwalimu mmoja wa Tanga, goti linamsumbua, huyo humtanguliza.

"Baba, hao ni picha tu. Ni kama katuni."

"Picha haina goti, mwanangu."

Lamis aliingia jikoni akalia. Mjomba wake alianza hivihivi. Kwanza alisalimiana na kabati. Mwaka haukwisha, akawa hawajui watoto wake. Usiku ule na alfajiri yake Lamis alisujudu akamwomba Mungu achukue chochote katika nyumba hii, lakini akili ya baba yake amwachie.

Asubuhi alisimama mlangoni akasikiliza. Mzee alikuwa amevaa vile vidude vya masikioni, uso umeelekea kioo cha kompyuta. Aliuliza hali ya mtu, akanyamaza, akampa pole, akanyamaza tena. Halafu akacheka mpaka akapangusa machozi, na nyumba nzima ilikuwa kimya.

Siku hiyo, baada ya sala ya Alasiri, Lamis alimwita Ustadhi Ihsan, anayejulikana mtaani kwa kuwasomea wagonjwa. Kwa aibu hakumweleza mengi. Alimwambia tu kwamba baba amechanganyikiwa, na kwamba yeye hana mwingine duniani.

Ustadhi alikuja na zafarani yake. Aliandika aya kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi mawaridi, akampa mgonjwa kombe hilo la maji ya aya anywe. Mzee alikunywa bila ubishi, akauliza kama limebaki. Ustadhi akasoma kwa muda mrefu, na Lamis akaitikia amina hadi koo likamkauka.

Kisha ustadhi akaanza kumpima, kama alivyozoea kwa wagonjwa wa namna hiyo.

"Mzee wangu, leo siku gani?"

"Alhamisi."

"Na huyu ni nani?"

"Lamis binti yangu. Analia bure tangu jana, sijui ana nini."

"Mashaallah. Na kazi yako?"

"Nahodha."

Lamis alifumba macho.

"Ulikuwa nahodha," ustadhi alimrekebisha kwa upole. "Wa feri."

"Wa feri nilistaafu. Sasa ni wa Chiriku."

Ustadhi Ihsan aliweka sahani chini polepole, akageuka kutazama kama mlango umefungwa, kisha akajisogeza juu ya mkeka mpaka magoti yake yakagusa ya mzee.

"Nahodha," alinong'ona, "mimi nimekwama Kituo cha Kwanza tangu jana. Leo utavusha saa ngapi?"