Kuku wa Kaure

Bi Mwanakheri aliubeba mtungi wake wa biskuti hadi kwa jirani yake Raziki, ameuviringisha kwenye kanga kama kichanga. Mji mzima ulimjua kwa mitungi ya kale ya kaure, na huu wenye umbo la kuku ndio uliokuwa roho yake. Sasa Raziki naye eti kapata wa kuku, mnadani tu, na tangu asubuhi wageni hawaishi sebuleni kwake.

“Shoga, nitazamie,” Raziki alisema, uso umemkunjuka. “Ni wa kweli?”

“Wa bandia haujifichi,” Bi Mwanakheri alijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote. “Kalibu yake ya kufinyangia hutolewa kwenye mtungi wa asili, na udongo ukichomwa hunywea. Kwa hiyo wa bandia huwa mdogo, kila mara. Ulete hapa kando ya wangu.”

Kuku wawili wakakaa bega kwa bega, rangi ile ile, jicho lile lile. Bi Mwanakheri akaufunua wa Raziki, akachukua kifuniko cha mtungi wake mwenyewe, akakiweka juu yake ili kila mtu aone kinavyozidi.

Kifuniko kikapita mdomoni, kikatumbukia ndani.

Bi Mwanakheri akazamisha mkono upesi, akakikamata.

“Sasa shoga,” Raziki akauliza taratibu, “wa bandia ni upi?”

“Wako,” akasema Bi Mwanakheri, na mkono hakuutoa.