Pimbi Aliyefunga Kula

Majani ya masika yalimnenepesha Pimbi hata mlango wa pango lake ukawa unambana, na kila alipomsikia Tai angani, moyo ulimruka.

“Punguza kula, shoga yangu,” jirani yake Nguchiro alimshauri. “Mimi nakula nusu.”

“Tai atangoja hiyo nusu yako?” Pimbi akafunga kabisa, asionje hata jani, akakonda upesi.

Siku Tai aliposhuka, wote wawili walikuwa malishoni. Nguchiro alichomoka mbio, akajipenyeza mlangoni kwake kwa shida mpaka ngozi ikachunika. Pimbi aliuona mlango wake, sasa mpana kabisa, lakini magoti yalimlegea.

“Kimbia!” Nguchiro alilia.

“Mlango unanitosha, shoga,” Pimbi alijibu, “ila miguu haina nguvu ya kunifikisha.”

Tai akamzoa.