Baiskeli ya Viwiko

Siku hiyo mjinga alikuwa Okello, na hata leo ukimuuliza hakatai. Mwaka wa tisini na nne, ndani ya stoo ya kiwanda cha nguo pale Thika, alisimama nusu saa nzima mbele ya baiskeli mbili za mtumba, akizikagua kama mtu anayechagua mbuzi wa mahari.

Moja usukani wake ulijikunja chini kama pembe za kondoo dume. Ya pili ilikuwa na vyuma viwili vilivyotokeza mbele, na vijimto vya kuegemeza viwiko.

Meneja alikuwa ameshasema: vibarua wawili, kazi moja ya kudumu. Jumamosi, mbio za baiskeli, Thika hadi Ruiru. Kila mmoja ataachiliwa kivyake, saa ndiyo itaamua. Okello ni mkubwa, achague kwanza. Itakayobaki ni ya Omar.

"Chukua ya viwiko, mzee," Omar akasema, ameegemea mlango. "Unailalia tu, upepo unakupita juu."

Okello akamtazama. Ndiye Omar huyu aliyemtuma hadi Mugutha mwezi uliopita, amevaa suti yake, kwenye harusi isiyokuwepo.

"Omera, ndugu yangu, tangu lini unanitakia mema?"

"Haki ya Mungu! Tungekuwa tunaenda kwa kundi, ningekwambia beba ya pembe. Lakini uko peke yako barabarani. Ya viwiko ndiyo yenyewe."

Kadiri Omar alivyoapa, ndivyo Okello alivyozidi kutabasamu. Akaikamata ya pembe.

"Hiyo ilalie wewe."

Omar akainamisha kichwa kama aliyefiwa. Okello akarudi kwake mtaani Landless akipiga mluzi, akamwambia mkewe Bridget aage maisha ya kibarua.

Jumamosi upepo ulimkaba kifuani tangu Thika. Alipoanza kuziona nyumba za Gitothua, karibu kufika Ruiru, Omar, aliyeachiliwa dakika mbili nyuma yake, akampita amelala juu ya viwiko, hata salamu hakutoa.

Ruiru, Okello akaitupa baiskeli kwenye nyasi.

"Kumbe ulikuwa unasema ukweli!"

"Mtupu."

"Na kazi ilikuwa moja! Nani humwambia mpinzani wake ukweli?"

Omar akajifuta jasho taratibu.

"Mzee, ungekuwa mtu wa kuniamini, ningekudanganya."