Nyuzi Ndani ya Mfupa

Siku hizi mtoto akivunjika mfupa, mzazi haulizwi. Kompyuta huujenga upya mfupa ule kwa picha, hupima nguvu iliyouvunja, kisha hutaja chanzo, na neno lake ndilo la mwisho.

Binti yetu Lusajo alivunjika mkono akiwa na miaka minne. Siku hiyo alikuwa na baba yake, Ambakisye, naye alisema mtoto ameteleza mlangoni. Kompyuta ilisema mfupa imara kama ule hauvunjwi na kuteleza. Umevunjwa na mtu mzima.

"Atupele, mke wangu, wewe unanijua," aliniambia.

Nilimfungashia nguo zake.

Miaka miwili baadaye Lusajo aliteleza mbele ya macho yangu, mguu ukavunjika. Safari hii kompyuta mpya iliingia ndani zaidi, hadi kwenye nyuzi nyembamba mno zinazoushikilia mfupa, ikaona ni dhaifu tangu kuzaliwa. Daktari akaifuta hukumu ya kwanza kwa kidole kimoja.

Nilimfuata Ambakisye huko Kyela, kwenye shamba la kakao la kaka yake, nikampigia magoti. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniinua, akaniletea maji ya kunywa.

"Mashine haikunijua, Mama Lusajo," alisema kwa upole. "Wewe uliishi nami miaka saba."

Hakurudi nyumbani. Huja Jumamosi tu kumwona mwanawe, na Lusajo akimkimbilia ili abebwe, yeye huficha mikono nyuma ya mgongo.