Chafya ya Zamzamu

Siku hizi kila nyumba ina kifaa ukutani kinachosikiliza chafya. Anayezidisha hupelekwa milimani kwenye hewa safi, asirudi tena, kabla maradhi ya pua hayajamshukia kifuani yakawa pumu.

Makame, mshona magodoro ya sufi, alizibana chafya zake miaka miwili ili asitenganishwe na mkewe, Zamzamu. Asubuhi hii kifua kilimbana, pumzi ikawa inapiga mluzi. Zamzamu mwenyewe ndiye aliyewaita wahudumu.

“Nisamehe, mume wangu. Ungenifia.”

Walipombeba Makame, Zamzamu alikimbilia jikoni, akanusa pilipili manga, akapiga chafya kwa nguvu.

“Hiyo si ya ugonjwa, bibi,” kifaa kilisema kwa upole. “Baki nyumbani.”

Zamzamu akanusa tena.