Mabehewa ya Nyuma

"Treni inakatwa hapa, binti," kondakta alisema. "Mabehewa ya mbele ndiyo ya Budapest, haya ya nyuma yanakwenda Zagreb. Mwenzako aliyefuata kahawa keshafika mbele. Hamia huko upesi."

Femke alizitazama soksi za mwenzake zilizoanikwa dirishani. Tangu chuo kifunge, kila mji walioshukia ni huyo aliyemwamsha: "Amka bwana, utalala ukizeeka!" Mikanda ya begi ilikuwa imemchubua mabega, na makanisa yote sasa yalifanana.

Akazisokomeza soksi kwenye begi la mwenzake, akamkabidhi kondakta.

"Nisaidie kumfikishia."

"Na la kwako?"

Femke akakaa, akaanza kufungua kamba za viatu.