Mfiwa wa Chumba cha Usaili

Kufikia mapumziko ya chai, mama yule alikuwa ameshafiwa na mwanawe mara tano.

Kila mara alifiwa upya. Mlango ukigongwa, aliketi wima, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri habari. Kijana aliyeomba kusomea udaktari aliingia, akavuta kiti, akamwambia kwamba mtoto wake hakuamka baada ya upasuaji. Hapo mama alilia. Hakikuwa kilio cha makelele. Kilianza chini, kama mtu anayeita jina kwenye chumba cha pili, kisha akanyamaza kusikiliza kama ataitikiwa.

Wasaili walitazama kutoka chumba cha giza, nyuma ya kioo kinachoonyesha upande mmoja tu. Daktari kijana aliyekuwa msaidizi wa utafiti alishindwa kuandika. Wakati wa chai aliwauliza wenzake mwigizaji huyu walimtoa wapi. Wakamwambia waigizaji wengine wote walitafutwa, ila huyu alikuja mwenyewe. Alisikia tangazo redioni, akauliza utafiti ni wa nani, kisha akaomba apewe nafasi ya mama aliyefiwa.

Utafiti, wa kuwachagua wanafunzi kwa usaili huu wa kuigiza, ulikuwa wa Profesa. Zamani alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jina, halafu siku moja akaweka kisu chini na kuhamia chuoni kufundisha. Waliomjua walisema mkono ulianza kutetemeka. Yeye alisema alichoshwa na damu. Sasa alitaka kujua kwa nini wanafunzi wanachaguliwa kwa alama za darasani pekee, kisha walimu wanahangaika miaka kuwafundisha utu. Mkono hufundishwa, alizoea kusema. Moyo mtu huja nao.

Alikaa nyuma kabisa, mbali na kioo. Chai yake ilipoa bila kuguswa. Ghafla aliuliza ni nani anayelia. Wenzake walitazamana. Chumba cha usaili kilikuwa kitupu. Mama alikuwa ametoka kunawa uso.

Jambo moja lilimsumbua msaidizi. Maelezo waliyompa mama yalisema mtoto aligongwa na gari. Lakini kila aliyeingia, mama alimsimulia kwamba mwanawe aliumwa tumbo tu, kwamba alikwenda kwa miguu yake mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, akavua viatu pale nje kwa sababu aliambiwa ndani ni pasafi. Msaidizi alimgeukia Profesa, akauliza kama amkumbushe.

Profesa alisukuma kando kikombe cha chai iliyopoa.

"Mwache," alisema. "Mwache aseme anavyojua."

Usaili ukaendelea. Mmoja alitoa habari ya kifo kama anayesoma tangazo la mkutano. Mwingine alimpa pole kabla hajamwambia kilichotokea. Wa tatu alieleza habari za moyo na hewa kwa urefu, hadi mama akafuta machozi akabaki kumsikiliza kama mwanafunzi mtiifu.

Alasiri akaingia binti mwembamba, viatu vyake vipya vikilia sakafuni. Alisimama mbele ya mama. Kisha akasema, "Mama, mtoto amefariki. Mimi nilikuwepo."

Mama alimuuliza kama mtoto aliumia. Binti akajibu kwamba hajui, na hataki kumdanganya. Alisogeza kiti, akakaa ubavuni kwake, bega kwa bega, na kengele ya mwisho wa muda ilipolia hakuinuka.

Wasaili wawili walimpa alama za chini. Hakueleza sababu ya kifo, walisema, hakufuata hatua, na muda aliupitisha. Profesa alisema huyo binti achukuliwe, na kama hawamtaki basi wamwondoe yeye kwanza. Hakupandisha sauti. Msaidizi aliona shati lake limelowa mgongo mzima.

Hakuna aliyembishia. Jina la binti likapita.

Jua lilipokuwa linateremka kwenye madirisha ya ukumbi, kazi ilikwisha. Msaidizi alibonyeza kipaza sauti, akamshukuru mama kwa niaba ya wote, akamwambia gari la kumrudisha nyumbani lipo nje.

Mama hakuinuka. Alijipangusa uso kwa kiganja, akauweka mkoba wake vizuri mapajani, akageuza kiti kikaelekea kioo.

"Amebaki mmoja," alisema.

Msaidizi alimwambia kwa upole kwamba hapana, vijana wote wameshaingia.

"Vijana, ndiyo, mwanangu," mama alisema. "Mwambie Profesa naye aingie. Siku ile alimtuma nesi aniambie."